Msimu Gani Huu Usiokwisha?

Neno "msimu" sisi watu wa pwani tumelipata baharini. Mababu waliosafiri kwa majahazi baina ya Muscat, Lamu na Unguja walijua kwamba kaskazi ikivuma watu wanakuja, kusi ikigeuka watu wanarudi, na baina ya pepo hizo chombo hupandishwa mchangani, kikakwanguliwa na kupakwa sifa, mabaharia nao wakapata kukaa chini wakala kwa starehe. Msimu ni jambo lenye kuanza na lenye kuachwa. Pasipo kuachwa hapana msimu.

Sasa wapo wanaoendesha mpira wa meza wa kulipwa duniani, nao husema wana msimu. Mimi nasema hawana. Wanacho kinu. Mchi hauinuliwi ila kwa kutwanga tena, na kinachotwangwa humo ni mikono na magoti ya vijana.

Najua utaniuliza, ndugu msomaji: jarida la hadithi na mashairi, na kimpira cha plastiki kinachorukaruka mezani, wapi na wapi? Nitakujibu. Katika kurasa kama hizi tumekwisha kuandika habari za mkulima na bei ya kahawa, za kuli wa bandarini, za msichana wa kazi za ndani. Tumewahurumia, na tumefanya vizuri. Lakini mchezaji tunampigia makofi tu, kana kwamba yeye si mfanyakazi. Ni mfanyakazi, bwana! Anauza jasho lake katika soko lililopangwa na watu ambao hakuwachagua, kwa mizani ambayo hakuishika. Basi tuitazame mizani hiyo.

Shirikisho la dunia la mchezo huu, ITTF, lilianzisha mzunguko wa kulipwa mwaka 1996. Baadaye mzunguko huo ukabadilishwa jina, na mwaka 2021 ukawekwa kando kabisa, mahali pake pakachukuliwa na mashindano ya kampuni iitwayo WTT, kampuni iliyoundwa na shirikisho lenyewe. Yaani baba kazaa mtoto, kisha kamkabidhi funguo za duka.

Mtoto huyo kajenga ghorofa. Juu kabisa yapo mashindano yaitwayo Grand Smash, ambayo bingwa wake hupata pointi 2000, sawasawa na bingwa wa dunia au bingwa wa Olimpiki. Mwishoni mwa mwaka ipo Finals, ya wachezaji 16 tu wa kila upande kwa mchezo wa mmoja mmoja, nayo ina pointi 1500. Chini yake ipo Champions, pointi 1000, ambayo huingiza wanaume 32 na wanawake 32. Kisha Star Contender, pointi 600. Kisha Contender, pointi 400. Na chini kabisa kwa wakubwa, karibu na jaa, ipo Feeder, pointi 125. Jina hilo la mwisho maana yake ni kulisha. Hawakuficha. Mtu akikwambia mapema kwamba wewe kazi yako ni kulisha, usije ukauliza baadaye kwa nini hukuona chakula.

Pointi hizi zinakusanywa namna gani? Kila mchezaji huhesabiwa matokeo yake 8 yaliyo bora katika miezi 12 iliyopita. Orodha ya ubora wa dunia hupangwa upya kila wiki. Ulichovuna mwezi wa tatu mwaka huu, mwezi wa tatu mwaka ujao kinafutwa, na lazima ukivune tena mahali pengine. Kwa hiyo hakuna siku ambayo mchezaji anaweza kusema, "Leo nimemaliza." Akilala, pointi zake zinaoza ghalani. Akikaa nyumbani kuuguza goti, kalenda inakwenda.

Hebu tufanye hesabu ya shule ya msingi. Kijana mmoja, tumwite Fulani, anashinda Feeder 8 kwa mwaka. Si kufika fainali, kushinda! Mechi kama 40 au zaidi mfululizo bila kupoteza hata moja. Mara ngapi umesikia mtu kafanya hivyo? Lakini tuseme kafanya. Nane mara 125 ni 1000. Mwenzake, tumwite Fulani wa Pili, anashinda Champions moja. Mechi 5. Naye ana 1000. Juma jingine Fulani wa Pili anaingia Grand Smash, anafika fainali, anafungwa. Kufungwa huko kunampa 1400. Wakati huo Fulani wa kwanza keshajaza nafasi zake zote 8, na akishinda Feeder ya tisa haimwongezei hata pointi moja, kwa sababu matokeo yanayohesabiwa ni yale 8 tu.

Wapo watakaosema: "Ni haki yake. Anayepambana na wakali apate zaidi." Sikatai. Kumfunga bingwa wa Japani si sawa na kumfunga kijana aliyeanza jana. Bei ya pointi yenyewe naiacha. Nagombana na mlango. Maana Champions unaingia kwa orodha ya ubora, ukiacha nafasi chache za mwaliko. Grand Smash nayo ina droo kuu ya watu 64 kwa mchezo wa mmoja mmoja, na ina mchujo kwanza, kweli, lakini hata kwenye mchujo wanaangalia orodha. Kwa hiyo ili upate pointi nyingi unahitaji kuingia, na ili uingie unahitaji pointi nyingi. Hii ndiyo ile ya mwenye nacho kuongezewa. Tuliisikia katika mikopo ya benki, tukaisikia katika bei za pamba, na sasa tunaisikia mezani.

Tuje kwenye nauli. Aliyezaliwa Ulaya hupanda treni asubuhi kwenda kucheza Feeder Düsseldorf, jioni yupo kwa kocha wake. Sasa mchukue kijana wa Dar es Salaam, wa Kampala au wa Bujumbura. Kwanza viza. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hurudishiwi. Kisha tiketi ya ndege. Kisha hoteli. Kisha mpira wa kubandika kwenye raketi, ambao wa daraja la juu huuzwa makumi ya dola kwa upande mmoja, na mchezaji wa kweli hana budi kuubadilisha mara kwa mara maana ukichakaa hauumi. Anafika, ana usingizi wa ndege, hajapata mtu wa kufanya naye mazoezi, anacheza na Mjerumani aliyelala kitandani kwake. Anafungwa. Zawadi ya raundi ya kwanza haigusi hata nusu ya nauli. Anarudi na deni, na wiki inayofuata kuna Feeder nyingine.

Eti huyo naye yumo katika "mzunguko wa dunia". Yumo, ndiyo, kama mbuzi alivyomo katika karamu.

Na mashindano makubwa yanapelekwa wapi? Grand Smash ya kwanza ilichezwa Singapore mwaka 2022, kwa zawadi ya jumla ya dola milioni 2. Mwaka 2024 zikaongezwa Jeddah na Beijing. Mwaka 2025 zikachezwa Singapore, Las Vegas, Malmö huko Sweden, na Beijing. Afrika imepewa Contender: Tunis, Durban, Lagos. Tunashukuru. Lakini hadi mwisho wa mwaka 2025 hakuna Grand Smash iliyokanyaga bara hili. Mashindano ya ubingwa wa dunia yenyewe yalikuja Durban Mei 2023, na kabla ya hapo mara ya mwisho yalikuwa Cairo mwaka 1939. Miaka 84! Mtoto aliyezaliwa siku ya fainali ya Cairo aliyaona tena akiwa babu, kama alijaliwa kuyaona.

Hapa najua atasimama mtu aniambie, "Mbona Aruna alifika?" Vizuri. Tumzungumze Aruna. Quadri Aruna wa Nigeria aliingia kumi bora ya dunia mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kufika hapo. Omar Assar wa Misri alifika robo fainali ya Olimpiki ya Tokyo, akafika tena ya Paris mwaka 2024. Ni mashujaa, na mimi nawavulia kofia. Lakini tazama dunia iliwafahamu wapi. Aruna alitikisa Rio mwaka 2016, alipomfunga Timo Boll wa Ujerumani na kuingia robo fainali, jambo ambalo Mwafrika hakuwahi kulifanya. Ilikuwa Olimpiki, na Olimpiki huwekea kila bara nafasi zake. Penye mlango wa bara, Mwafrika aliingia na akaonyesha kwamba hakuja kuomba maji. Na mkate wake wa kila siku? Ameutafuta katika klabu za Ureno na Ujerumani, kwenye ligi, ambako mtu ana mji, ana chumba, ana mshahara. Kwa hiyo mfano huo haunipingi. Unanisaidia.

Tena usidhani ni sisi wa chini tu tunaolia. Kama ingekuwa hivyo wangesema ni wivu wa maskini. Mwaka 2024 huko Paris, Fan Zhendong wa China alichukua dhahabu ya wanaume, na Chen Meng, Mchina mwenziwe, akachukua ya wanawake. Hawa ndio waliokaa ghorofa ya juu kabisa. Tarehe 27 Desemba mwaka huo huo, wote wawili walitangaza kwamba wanajitoa katika orodha ya ubora wa dunia. Sababu? Kanuni ya faini kwa mchezaji asiyetokea kwenye mashindano aliyopangiwa. Fan alieleza kwamba baada ya Olimpiki hakuwa na hali ya kuendelea kusafiri na kushindana, na faini hawezi kuibeba. Basi akaona bora jina lake lifutwe.

Fikiri maana yake, jamani. Bingwa wa Olimpiki, miezi minne na ushei baada ya kuvikwa medali, anaona njia pekee ya kupumzika ni kutokuwapo. Kuli akichoka huweka gunia chini, akavuta pumzi, akalibeba tena. Huyu aliambiwa gunia likigusa ardhi analipa. Kelele zilipigwa, mashabiki wa China walichachamaa, wakubwa wakaahidi mazungumzo. Lakini swali halikuwa juu ya kiasi cha faini. Swali ni nani mwenye mwili wa mchezaji. Mkulima wa zamani wa pamba, aliyelazimishwa kulima ekari kadhaa la sivyo kiboko, angelielewa swali hili mara moja bila kuchorewa ubaoni.

Na Fan hakuacha mchezo. Mwaka 2025 alijiunga na klabu ya Saarbrücken katika ligi ya Ujerumani. Maana yake kazi haikumchosha. Kilichomchosha ni ratiba. Mkono bado una nguvu, moyo bado unapenda sauti ya kimpira, ila mtu anataka kujua Jumapili atalala wapi.

Tuwe waadilifu, mwenye haki apewe. WTT imeongeza hela. Dola milioni 2 katika mashindano mamoja si mchezo, na katika hizo Grand Smash wanawake na wanaume hulipwa sawa, jambo ambalo michezo mingine yenye tambo nyingi imeshindwa kulifanya. Taa zimekuwa nzuri, picha zimekuwa nzuri, mtoto wa Mwanza mwenye simu anaweza kumwona Sun Yingsha akipiga mkono wa nyuma kana kwamba yupo naye chumbani. Hayo ni mema na sitaki kuyafukia. Ila nauliza: je, lazima wema huo ulipwe kwa kalenda isiyo na tundu la kupumulia? Mwaka 2025 mzunguko ulifunguliwa Januari na kufungwa Desemba, Finals ikichezwa Hong Kong. Katikati yake kulikuwa na Kombe la Dunia huko Macao mwezi wa Aprili, na ubingwa wa dunia huko Doha mwezi wa Mei. Bado hujatia mashindano ya bara lako, bado hujatia ligi ya klabu inayokulipa kodi ya nyumba. Sasa niambie pumzi ilikaa mwezi gani.

Wenye kampuni watasema soko ndilo linataka. Hili neno soko tumelizoea tangu enzi za ruksa. Kila kitu kikitaka kuumiza mtu kinasingizia soko, kana kwamba soko ni mvua, halina mwenyewe. Kumbe kalenda ya mashindano haikushuka kutoka mbinguni. Watu waliketi mezani, na meza hiyo haikuwa na wavu, wakaandika 2000 hapa na 125 pale, wakaandika 8, wakaandika miezi 12. Walichoandika watu, watu wanaweza kukifuta.

Tena mchezo huu huu uliwahi kuwa na kalenda ya namna nyingine. Novemba 1971 Beijing ilialika nchi za Asia na Afrika katika mashindano ya urafiki ya mpira wa meza. Mwaka 1973 ikaalika tena, na Amerika ya Kilatini ikaongezwa. Mwaka 1975 mashindano hayo yakafanyika Lagos. Sisemi ule ulikuwa utakatifu. Ilikuwa siasa, na mwenyeji alikuwa na hesabu zake. Lakini angalau mwalikwa aliitwa kwa sababu ni mtu wa nchi fulani mwenye raketi, na hakuulizwa kwanza ni wa ngapi duniani. Kutoka hapo hadi kwenye Feeder ni safari ndefu, na sikubali kwamba yote ilikuwa ya kwenda mbele.

Basi nini kifanyike? Mkosoaji asiyetoa njia ni sawa na mbwa wa mlangoni, kwa hiyo nasema yangu manne.

Kwanza, wafunge duka miezi miwili kila mwaka, wakubwa na wadogo, pointi zisihesabiwe wala zisifutwe. Hapo ndipo litakapokuwa halali kuitwa msimu.

Pili, asiyetokea asitozwe faini. Kukosa pointi za mashindano hayo ni adhabu tosha. Mtu hupigwa fimbo mara moja kwa kosa moja, na kuchoka si kosa.

Tatu, nafasi za mabara katika ngazi za juu ziwe nyingi na ziandikwe wazi, kama Olimpiki inavyofanya, zisiwe za kuonjeshwa kwa ncha ya kijiko. Na Feeder ziletwe huku kwetu, nyingi, zikifuatana mji kwa mji kwa basi: kwa nini isiwe Nairobi, kisha Arusha, kisha Kigali? Tiketi ya basi kijana ataipata. Ya ndege ya Ulaya hataipata.

Nne, sehemu ya hizo milioni 2 ishuke ngazi. Aliye nje ya mia bora alipiwe japo malazi na chakula anapocheza. Mnataka alishe, basi mpeni kwanza yeye ale.

Na vyama vyetu vya mchezo huu, huku Afrika Mashariki, visijifiche nyuma ya mgongo wa WTT. Safari inapopatikana, mara nyingi orodha ya viongozi ni ndefu kuliko ya wachezaji. Kijana anayechezea meza ya seremala, wavu wake kipande cha ubao kilichosimamishwa juu ya matofali mawili, hamjui WTT ni nani. Anayemjua ni katibu anayemwambia kila mwaka kwamba fungu halijatoka. Tukidai haki Singapore lazima tuidai na hapa, la sivyo tutakuwa tunapigana na mwizi wa mbali huku wa ndani tukimkaribisha chai.

Nimesema. Sina kinyongo na mchezo. Naupenda, na kwa kuwa naupenda sitaki watoto wanaoshika raketi leo waingizwe katika kinu wakidhani ni jahazi. Mwenye hoja ya kunipinga asinikute njiani akanong'ona. Kurasa za jarida hili zipo wazi, kalamu ni rahisi kuliko raketi, na hapa hatumwulizi mtu yeye ni wa ngapi duniani kabla hatujamsoma.